Gramu Mia Nne

Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi
nilishuka mtaa wa nyuma ya soko, Kutaisi,
mizani ndogo mkobani na karatasi ya serikali
iliyosema: mkate mweupe, wa tanuri la udongo,
umbo la jambia, gramu mia nne.
Bei?

Shalva hakuwahi kunijibu papo hapo.
Alikuwa ameinama ndani ya tanuri hadi kiunoni,
miguu tu nje, kama mtu aliyemezwa nusu,
akibandika kinyunga kwenye kuta za moto.
Akiinuka, nyusi zimeungua, ndevu zimejaa unga:
"Lari moja, Eteri. Waambie wakubwa zako Tbilisi,
lari moja, ileile."

Nikaandika lari moja.
Kisha nikapima.
Mia tatu na tisini.
Ngano ilipopanda, mia tatu na sabini.
Gesi ilipopanda, mia tatu na arobaini,
naye akifuta meza isiyo na kitu,
nami nikisoma mizani kimya,
kama daktari anayejua
mbele ya mgonjwa anayejua.
Bei haikunenepa; mkate ndio uliokonda.
Ofisini waligawanya, wakazidisha,
ikatoka nukta, na nukta ikapanda ngazi
hadi taarifa ya saa tatu usiku.

Ila karatasi yangu haikuwa na safu
ya lile daftari lililoning'inia kwa uzi mlangoni,
jalada la bluu, kurasa ngumu kwa vidole vya unga.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Hili lilikuwa na habari tu, mali hamna:
Natela, minne, mpaka pensheni.
Mwalimu wa fizikia, saba.
Binti wa ghorofa ya tatu, miwili (bila tarehe).
Nikamuuliza siku moja, "Na hawa, wananunua kwa bei gani?"
Akacheka hadi akakohoa.
"Hawa? Kwa bei ya kesho."

Nilipekua kitabu cha misimbo, kurasa mia mbili.
Kesho haimo.

Februari nikakuta pamefungwa.
Kanuni inasema: bidhaa ikikosekana kwa muda, andika K.
Nikaandika K.
Machi, utepe mweusi kwenye komeo,
nikaandika K,
kana kwamba ametoka tu kutafuta chenji.
Aprili kanuni, isiyo na huruma wala ukatili,
inasema: tafuta mbadala unaofanana.

Nikaupata. Duka kubwa, taa nyeupe,
mlango unaofunguka wenyewe kabla hujabisha.
Mkate ndani ya nailoni, gramu mia nne kamili,
tetri tisini na tano.
Mizani haikutoka mkobani; uzito umechapwa.
Hakuna aliyefuta meza.

Mwezi ule walitangaza kwamba mkate umeshuka bei.
Msomaji habari alitabasamu kidogo.
Na ni kweli, niliandika kwa mkono wangu huu,
sikudanganya hata gramu.

Wiki ile ile nilimkuta Natela kwenye foleni ya duka lile,
sarafu kiganjani, akizisukuma kwa kidole gumba.
Akahesabu. Akarudia. Akarudia tena,
labda mara ya tatu zingekuwa nyingine.
Themanini.
Akainama, akamnong'oneza msichana wa malipo,
na msichana, mtoto mwenye adabu,
akaangalia mashine yake yote, juu mpaka chini,
akitafuta kitufe.
"Samahani, bibi. Hakipo."

Nikatoa tetri kumi na tano.
Si bei, si pato, wala sijui ni matumizi ya nani.
Nyumbani nikachukua daftari la shule la mwanangu,
lililobaki kurasa chache nyuma ya hesabu zake za sehemu,
nikaandika: Natela, kumi na tano.
Safu ya tarehe nikaiacha wazi.